Miguu Miwili Iko Upande wa Pili

Nimemaliza kitabu. Msinipongeze, hata nyumbani hawajanipongeza. Kitabu cha picha, nimekitunga mwenyewe, nimekichora mwenyewe, nimekipanga mwenyewe, nimekipiga pini mwenyewe mpaka kidole kikatoboka. Nimesafiri nacho kwa basi kutoka pwani mpaka hapa Singida, nimekipakata siku nzima, jirani yangu wa siti kakilalia na kukidondoshea mate. Nikafika, nikakiweka mezani mbele ya bi mkubwa. Nikasubiri. Akakishika, akakigeuza, akatafuta kitu, hakukiona. Akaniuliza, "Mbona hakina tundu la kuning'inizia? Kalenda gani hii?"

Kalenda!

Mangi, nipe soda, andika kwenye lile daftari. Hapana, lile deni la zamani liache, tutaongea mwisho wa mwezi. Mwezi upi? Mangi, mbona unapenda maswali? Msikilize mtu kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa. Chuo sikitaji, kina watu wake na wanasoma magazeti. Hapa kwetu ukisema unasoma sanaa wanakwambia imba kidogo tusikie. Ukisema siyo ya kuimba, ni ya kuchora, wanakuletea ndoo ya rangi na kukuonyesha ukuta. Baba mdogo anataka kujua tu kama nikimaliza nitaweza kuandika "Mungu Yupo" kwenye lori lake. Hapo kijiweni wao wana lao. "Kwa hiyo wewe ni Masoud Kipanya?" Hapana. "Basi Gado." Siyo Gado, jamani. Gado kazaliwa Dar, 1992 kaenda Nairobi kuchora katuni gazetini, mpaka marais wanamjua. Mimi hata balozi wa nyumba kumi hanijui, na tumepakana ukuta.

Basi mwaka wa mwisho tukaambiwa kila mtu atengeneze kitabu chake, kuanzia hadithi mpaka jalada. Wenzangu wa pwani siku hiyo hiyo wakaanza kuchora majahazi na minazi. Mimi mtoto wa Singida nichore nini? Miamba? Umechora mmoja umechora yote. Ziwa Singidani? Ukilipaka bluu wanasema ni bahari, umewaibia. Kuku? Kuku wetu wanajulikana mpaka Dar, lakini wanajulikana wakiwa kwenye sahani. Nikasema namchora Liti.

Liti mnamjua. Asiyemjua yeye anaujua uwanja, ule uliokuwa Namfua. Watu wanajaa pale kumtukana refa, ukiwauliza Liti ni nani wanakwambia nadhani alikuwa diwani. Diwani! Ni mwanamke shujaa wa Kinyaturu, aliwasumbua Wajerumani walipokuja kututawala, na kwa masimulizi ya wazee silaha yake ilikuwa nyuki. Wao wanakuja na bunduki, mama anawaachia nyuki. Nikasema hadithi ya namna hii inajichora yenyewe.

Haijichori yenyewe.

Nyuki ni wengi, jamani. Ukiwa unaandika, "kundi la nyuki" ni maneno matatu, umemaliza, unakwenda kula. Ukiwa unachora ni mmoja mmoja. Tumbo, mistari, mabawa, mwingine. Tumbo, mistari, mabawa, mwingine. Ukurasa wa 14 peke yake umeniachia kiwiko ambacho mpaka leo hakinyooki, nikimpungia mtu anadhani namwita. Mwishoni nikawa naweka vidoti tu. Mwalimu akapita nyuma yangu akauliza, "Hiyo mvua?" Nikamwambia ni nyuki wa mbali.

Halafu sura. Picha ya Liti ya kunakili sikuipata, ikabidi nijiangalie kwenye kioo na kuongeza hereni. Sasa kila ndugu anamwona mtu wake. Bi mkubwa anasema nimemchora yule mke mdogo wa marehemu babu aliyeondoka na ng'ombe, anauliza nilikuwa na nia gani. Shangazi anasema ni yeye, ila nimemnenepesha, na salamu yangu haitikii. Wajerumani nao nikawapa wote sura moja, ya mwalimu wetu wa kuchora vitu vya mbali na vya karibu, kwa sababu ndiyo sura niliyokuwa naiona kila siku. Huyo huyo ndiye aliyepangiwa kusahihisha. Akafika pale wanapokimbia wameshika makalio. Akakaa nao muda mrefu. "Huyu wa mbele nimewahi kumwona wapi?" Nikamwambia, mwalimu, huyo ni mtu wa Berlin.

Tukaja kwenye rangi. Rangi za maji za kitaalamu, kwa bei yake bora uongeze kidogo ununue mbuzi, na bumu lilishaisha, nilikuwa naishi kwa kukopa chumvi. Nikakumbuka tulivyofundishwa habari za Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, kaja Dar kutafuta kibarua, mwishoni mwa miaka ya sitini kaanza kuchora. Hakukaa chuo chochote. Kachukua rangi ya kupaka baiskeli, kachora chui, kachora ndege, watalii wakanunua. Alifanya kazi hiyo miaka michache tu, 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu, na leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Nikasema kama rangi ya baiskeli ilimtosha Tingatinga, mimi ni nani? Nikaenda kwa fundi baiskeli, kopo la njano, kopo la nyeusi. Nikapaka usiku kucha. Karatasi ikanywa mafuta ikavimba, rangi ikagoma kukauka, asubuhi kitabu kimeshikana chote, hakifunguki hata kwa kisu. Hapo ndipo mwenzangu wa chumba akanyanyua kichwa: "Lakini Tingatinga alikuwa anachora kwenye hadibodi, siyo karatasi."

Si angesema jana? Mtu anakutazama unapaka kuanzia saa mbili, anatafuna karanga zake, anasubiri kukuche akupe historia!

Nikaanza upya kwa penseli za rangi za watoto wa chekechea. Nikamaliza, kurasa 29. Nikaenda steshenari kifua mbele. Kijana wa pale akazihesabu, akacheka. "Kiongozi, kitabu cha pini kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne." Kwa nini? Kwa sababu karatasi moja ukiikunja katikati unapata kurasa nne, tatu hazitoki. Ndiyo maana vitabu vya picha vya watoto, ukihesabu, vingi vina kurasa 32. Mimi nilikuwa nadhani wamekubaliana tu. Sasa hiyo 29 yangu haigawanyiki kwa nne, haigawanyiki kwa tatu, haigawanyiki kwa chochote. Katika namba zote duniani nimeangukia hiyo.

Zikahitajika kurasa tatu. Ya kwanza nikaandika Shukrani: Mungu, bi mkubwa, na mwenye nyumba wangu wa kule chuoni, nikitumaini atasoma apoe. Ya pili Kuhusu Mwandishi, na picha yangu, ambayo kila anayeiona anasema Liti hapa katoka vizuri kuliko kule mbele. Ya tatu sikuwa na kitu. Saa nane usiku, kiwiko kimekufa, penseli ya njano imebaki kipande cha kushika kwa kucha. Nikauacha ukurasa mweupe, chini nikaandika: Chora nyuki wako hapa. Nikalala.

Ikabaki kuchapa. Nikampa kijana flashi, nikamwambia zipange moja, mbili, tatu, nne, kama watu wote wanavyohesabu. Akazipanga. Tukakunja, tukapiga pini, nikalipa, nikafungua. Wajerumani wanakimbia kabla hawajafika. Liti anazikwa, unafunua, yuko mtoto mdogo anachunga mbuzi. Nyuki wanaingia kwenye Shukrani. Namuuliza kijana hii nini, ananiambia mashine imechapa ilichopewa. Kumbe karatasi ya nje kabisa inabeba ukurasa wa 32 na wa 1 ubavu kwa ubavu, mgongoni kwake wa 2 na wa 31. Inayofuata, wa 30 na wa 3. Kila jozi ukijumlisha lazima upate 33, mpaka unafika katikati. Hesabu! Mimi niliyekimbilia sanaa kwa sababu ya hesabu, zimenifuata mpaka huku, zimekaa ndani ya stepla zinanisubiri! Tukarudia. Mfuko ukatoboka. Na ile mashine inachanganya rangi nne tu, samawati, majenta, njano na nyeusi, kwa hiyo nadhani mnaona wino gani uliishia njiani. Nyuki wa kurasa za mwisho ni weupe pe. Wanafanana na mbu.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba kitabu kisicho na ISBN siyo kitabu, ni karatasi. Hizo namba hapa nchini zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, unaomba unapewa. Sawa, lakini presentesheni ni kesho saa mbili asubuhi. Nikachungulia vitabu vya maktaba: tarakimu 13, zinaanza na 978. Nikaandika 978, mbele yake nikaweka namba yangu ya simu. Jamani, namba ya simu ina tarakimu kumi! Imeingia kamili, haikubaki nafasi, haikuzidi. Nikasema huyu ni Mungu. Ile mistari ya pembeni nikaichora kwa rula na kalamu ya bik, na mpaka leo sijaona mchoro ulionyooka kuliko ule humo ndani. Asubuhi niko mbele ya jopo, naeleza kwa sauti nzito kuhusu haki za mchapishaji, mshenzi mmoja kule nyuma kaangalia jalada na kupiga. Simu ikaita mfukoni mwangu. Mlio wenyewe singeli.

Jopo lilikuwa la walimu watatu. Walifunua kurasa zangu kwa mwendo ule unaofunua risiti. Ukurasa wa 14, uliokula kiwiko changu, wakaufungua na kuufunga. Liti kasimama juu ya mwamba, hawana habari. Wajerumani wamevimba nyuso, mmoja akakohoa. Wakafika kwenye ule mweupe. Wakasimama. Mama mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hapa," akasema, "hapa msanii amejiondoa." Mwenzake akatikisa kichwa. "Amempa msomaji kiti." Wakaanza kuandika, karatasi wanapitishiana, naulizwa wazo hili lilikujaje. Nikawaambia lilikuja usiku. Wakaandika na hiyo. Maksi zangu zote za maana zimetoka pale. Maana yake ningewaletea kurasa 32 nyeupe ningekuwa wa kwanza darasani, na mkono huu ungekuwa mzima.

Sasa nyumbani. Kuna mtoto wa dada yangu, darasa la tatu, hana hata meno ya mbele. Akakichukua kitabu akakaa nacho chini ya mwarobaini. Nikasema angalau huyu.

"Mjomba, nyuki ana miguu sita."

"Ndiyo."

"Huyu ana minne."

"Miwili iko upande wa pili."

Akageuza ukurasa. Akaangalia upande wa pili. Akarudi. "Na huyu tunayemwona kwa juu?"

Nikamtuma maji. Akaenda bombani, akarudi, ndoo kichwani, hajaitua bado: "Na mabawa ni manne. Mwalimu katufundisha." Hivi shule za siku hizi zinafundisha nini? Sisi tulifundishwa nyuki anauma, tukafaulu. Jioni nikamkuta amefika kwenye ule ukurasa mweupe, amechora nyuki wake. Miguu sita, mabawa manne, anacheka. Bi mkubwa ameukata ule ukurasa, ameubandika sebuleni juu ya redio, na mgeni akija anaonyeshwa huo. Kitabu chenyewe sasa kina kurasa 30, maana ule umeondoka na wa mgongoni kwake, na pini imelegea.

Nikasema hawa wa mjini hawana jadi, nikapanda gari mpaka Ikungi, kwa wazee. Wa kwanza anafuga nyuki, ana mizinga yake mitini tangu ujana. Akaangalia picha ya Liti kabeba nyuki kwenye kikapu. "Kikapu? Hao wangemmaliza yeye kwanza." Wa pili akasema kikapu hakikuwepo, mama alirusha vumbi likageuka nyuki. Wa tatu akasema siyo vumbi. Wakaanza kubishana, wakahama na viti kufuata kivuli, wakaniacha juani na kitabu changu. Baadaye mmoja akanikumbuka, akanifariji: mababu walichora kwenye mawe, hawakuwa na stepla, na kazi zao zipo mpaka leo. Kweli zipo. Michoro ya Kolo, kwa majirani zetu wa Kondoa, imeingizwa kwenye urithi wa dunia 2006, na Iramba yetu nayo ina mawe yenye michoro. Mvua inapiga, jua linapiga, vile vijitu vyembamba vyekundu vimesimama tu. Changu kimedondoshewa mate tukiwa Dumila, tulipofika Manyoni kilishaanza kuchuja.

Yule mama Mary Leakey alikwenda Kondoa 1951 kunakili michoro ile. Kitabu chake kikatoka 1983. Hesabu mwenyewe. Miaka 32! Mimi nilivyoona hiyo namba nikashtuka, maana kitabu changu kina kurasa 32, nikajua nachelewa kwa mwaka mmoja kila ukurasa. Nikamweleza bi mkubwa kwamba kazi hizi zinataka subira, wenzetu walisubiri miaka 32. Akaniuliza hiyo miaka yote nitakuwa nakula kwa nani.

Kuhusu kuchapishiwa, mwalimu hakuacha kututajia John Kilaka. Huyu ni mtu wa Sumbawanga, anatunga na kuchora mwenyewe, anakusanya hadithi vijijini, wanyama wake wamevaa mashati na magauni. Kitabu chake cha kwanza kimetoka 2001 huko Uswisi. Nikafurahi, nikasema na mimi naandika barua Uswisi. Nikauliza, walikitoa kwa lugha gani? Kijerumani. Nikakaa kimya. Mimi ukurasa wa 20 nina Wajerumani hawafungui macho kwa uvimbe, ukurasa wa 21 mmoja kaingia kwenye tope la Singidani na buti zake. Nani atanichapishia? Ningejua ningemtafuta shujaa aliyepigana na Waingereza.

Basi nikaamua kuuza mwenyewe. Nikaenda barabara kuu, pale wanapopanga madumu ya mafuta ya alizeti na vitunguu. Basi la Mwanza likisimama tunakimbia wote. Wenzangu wananyanyua chupa, mimi nanyanyua kitabu. Abiria wanaita "mafuta! mafuta!", wananiangalia, wanasema sogea kaka, unatuzibia. Baba mmoja akafungua dirisha. Jasho linamtoka. Akanyoosha mkono, akakipokea. Moyo ukaruka. Hakukifungua. Akaanza kujipepea nacho, taratibu, amefumba macho, mpaka basi likaondoka. Nilikimbia, jamani. Kondakta alidhani nadandia, akafunga mlango.

Dada mmoja wa mafuta aliyeniona nikirudi nahema akanipa kigoda. Akaniuliza begi lina nini. Nikamtolea kimoja kimoja. Vile vilivyochapwa vizuri akavipita. Kile kilichochanganyikana, Wajerumani wanakimbia kabla hawajafika, akacheka kidogo, akakirudisha. Kisha akakutana na kile cha kwanza, cha rangi ya baiskeli, kilichogandana. Akakigonga kwa kucha. Akakigeuza. Akakidondoshea tone la mafuta, akalifuta kwa kidole, halikuingia. Akakiweka chini ya dumu lililokuwa linavuja, akatingisha, likatulia.

"Hiki shilingi ngapi?"

Nikasema elfu kumi. Akasema elfu tatu na chupa ya mafuta. Nikamwambia dada, humo ndani kuna historia ya Wanyaturu. Akasema ndiyo maana ametia na mafuta. Nikapokea. Nimeshasimama niondoke akaniita, ana madumu mengine manne yanayovuja, anataka kujua kama navyo vingine vya namna hiyo, visivyofunguka.

Nimemwambia hivyo natengeneza kwa oda tu, na nusu inalipwa kabla.